Ubao wa Kuanikia Mihogo

Mama mkwe wangu alikuwa anakuja kuishi nasi mwisho wa mwezi, na chumba pekee tulichoweza kumpa nyumbani kwetu Arua kilikuwa stoo. Ndani yake mlikuwa na magunia matupu, baiskeli isiyo na gurudumu la mbele, na vifaa vyangu vya mchezo ambao mtaani kwetu hakuna aujuaye: ubao mwembamba wa kusimamia juu ya maji, mlingoti wa vipande viwili, upinde wa kushikia, na tanga lililokunjwa ndani ya mfuko. Mchezo wenyewe ni rahisi kuueleza. Mtu husimama juu ya ubao, hushika tanga kwa mikono miwili, na upepo humpeleka. Nilijifunza nilipokuwa chuo kikuu, kwenye Ziwa Viktoria, kwa mhadhiri mmoja mgeni ambaye mkataba wake ulipokwisha aliniachia kila kitu, akaenda zake. Nilivisafirisha hadi Arua juu ya basi, nikiamini kwamba nitapata wakati. Sikuupata.

Mke wangu ni mzaliwa wa Koboko, binti wa askari. Kiswahili chake ni kile cha kambini, kisicho na mapambo, na ndicho tulichowalelea watoto.

“Baba wa watoto,” alisema, “hii vitu yako iingie maji, ama itoke nyumba. Mama hawezi lala pamoja na mlingoti.”

Akaniwekea sharti lake. Nikienda ziwani nikasimama juu ya maji, hata mara moja, naye akaona kwa macho yake, vifaa vitapewa nafasi chini ya paa la nyuma. Nikishindwa, vitaondoka vyote. Nilikubali upesi kuliko nilivyotarajia. Nilikuwa nimeanza kujishuku kwamba nilivitunza ili nisilazimike kukiri kuwa nimeacha.

Kuchagua ubao huanza na uzito. Mhadhiri yule alinifundisha kwamba anayeanza, au anayerudi baada ya miaka mingi, anahitaji ubao utakaombeba yeye na tanga lake bila kuzama wakati amesimama tuli, kwa sababu hapo ndipo anapoliinua tanga kutoka majini. Mimi nilikuwa sijui uzito wangu. Nilikwenda sokoni kwa mnunuzi wa simsim mwenye mizani ya kupimia magunia, nikapanda. Alisogeza chuma chake mara mbili.

“Mzee, wewe unapita gunia,” alisema, wala hakucheka.

Nilipokuwa chuoni nilikuwa na kilo sitini na tatu. Ubao mwembamba wa stoo ulikuwa wa kijana yule. Niliutazama kwa siku tatu, nikijaribu kutafuta hesabu nyingine, na hesabu nyingine haikuwepo.

Ubao wa pili ulikuwapo. Ulikuwa mpana, mnene, mzito, wa wanagenzi, na kwa kuudharau sikuwahi hata kuuingiza stoo. Kwa miaka mingi ulikuwa nyuma ya jiko, juu ya matofali, na mke wangu akianikia mihogo juu yake. Aliusifu sana. Hauozi, hushika joto mapema, na mbuzi hawaufikii. Nilipomwendea kuuomba, alikuwa amesimama mbele yake na mihogo ya asubuhi, myeupe bado.

“Sasa hii muhogo nitaanika kwa kichwa yako?”

Jioni nilimkuta ameteremsha mihogo kwenye mkeka, chini, mahali ambapo ilibidi ailinde, na anaukwangua ubao kwa kisu na maji ya moto.

Lilibaki tanga. Sehemu yake ya katikati, ile ya plastiki angavu ambayo mtu huonea mbele, ilikuwa imepasuka kwa uzee. Fundi wa kushona kitu kigumu namna ile hupatikana Koboko, kwa sababu malori yaendayo Sudan Kusini na Kongo hupita pale, na malori hayaendi bila turubai. Nilipelekwa kwa fundi Mkongomani aliyeweka cherehani yake kando ya maegesho. Aliuliza kitambaa ni cha kazi gani. Madereva wawili walikuwa wamesimama karibu wakisubiri, nao wakageuka kusikiliza. Nilijiona jinsi walivyoniona: mtu mzima mwenye mvi ndevuni, amevaa shati la ofisini. Nikasema ni cha kufunikia mzigo.

Fundi alilitandaza tanga juu ya mkeka, akapitisha kiganja kwenye ukingo unaoingia mlingoti. Ukingo ule haunyooki. Hukatwa kwa mviringo kidogo, kusudi tanga likifungwa lifanye tumbo, na upepo ukae humo.

“Mutu mwenye alikata hii kitambaa alikuwa mulevi,” fundi alisema. Madereva walicheka. Nami nikacheka, nikaenda kunywa chai.

Niliporudi, tanga lilikuwa limelala limenyooka kama mlango. Sehemu iliyopasuka ilikuwa na kiraka kipya chenye mishono miwiliwili, mizuri kuliko ya kiwandani. Ule ukingo wa mviringo ulikuwa umekatwa, ukashonwa upya, sawasawa kabisa.

“Sasa haiko na tumbo,” alinionyesha. “Mvua haitapata pahali ya kukaa.”

Alikuwa sahihi katika kazi yake. Turubai lenye tumbo hukusanya maji hadi likapasuka, na mzigo wa mtu ukaoza njiani. Hakuna fundi wa Koboko ambaye angeliacha vile. Nilimshukuru, nikaendesha hadi Arua tanga likiwa kando yangu kwenye kiti, na sikumwambia mtu yeyote, hata mke wangu.

Jumamosi iliyofuata tuliazima pikapu ya shemeji, tukafunga ubao nyuma, tukashuka hadi Panyimur, kwenye Ziwa Albert. Mke wangu aliketi karibu na wanawake waliokuwa wakikausha samaki. Upepo ulikuwa unatoka upande wa Kongo, wa wastani, na maji yalikuwa na vikunjo vidogo. Nilifunga tanga kama nilivyofundishwa: kamba ya chini, inayolivuta tanga kuelekea kitako cha mlingoti, niliivuta kwa nguvu zote mpaka mlingoti ukapinda, kamba ya nyuma, ile ya ncha ya upinde, ikakaza, upinde wa kushikia nikauweka usawa wa kidevu.

Nilianguka. Nikapanda, nikavuta kamba ya kuinulia tanga huku mgongo ukilalamika, tanga likatoka majini, likapigapiga bila nguvu yoyote, nikaanguka tena. Mara ya saba niliacha kuhesabu. Mikono ilikuwa imekufa kuanzia viwiko. Wanawake wa samaki walimwuliza mke wangu kama bwana wake amekuja kufua.

Nilirudi ufukweni nikaketi mchangani. Sikuwa na hasira. Nilichoka tu, uchovu ambao haukuwa wa asubuhi ile peke yake. Kisha nikaanza kulegeza kamba ya chini, kwa sababu lilikuwa jambo pekee lililobaki. Mke wangu alikuja akasimama juu yangu.

“Ulikaza sana, sasa unalegeza. Kwa nini?”

Nikamweleza kwamba fundi ameondoa tumbo la tanga, na kwamba nikilegeza huenda litapata tumbo dogo.

“Na wewe hukumwambia hii iko ya nini?”

“Niliona haya kusema ninacheza.”

Alikuwa ameshika viatu vyake mkononi.

“Mimi nimeweka muhogo yangu chini kwa sababu ya hiyo kucheza yako,” alisema. “Na wewe unaona haya.”

Akarudi kwa wanawake wenzake.

Nilibadili kila kitu, polepole. Nililegeza kamba ya chini mpaka mlingoti ukanyooka kulingana na kazi ya fundi. Niliilegeza kamba ya nyuma vidole vinne, kitambaa kikapata kibonde kidogo. Upinde niliushusha hadi usawa wa mabega, ambayo hayapendi tena kuinuliwa. Kitako cha mlingoti nilikisogeza mbele kiasi cha kiganja, ubao utulie. Mwanzo nilikuwa nimefunga tanga la kijana wa kilo sitini na tatu juu ya ubao wa mzee.

Niliporudi majini na kulivuta tanga safari hii, lilikuja. Halikuvuta kwa nguvu. Liliniegemea tu, kama mtu anayesinzia. Niliweka mguu wa nyuma, nikajitupa kidogo nyuma, na ubao mpana ukaanza kwenda. Nilipita vichanja vya samaki. Nilipita mitumbwi iliyovutwa nchi kavu. Sikufurahi kama nilivyokuwa nikifurahi zamani, na sitadai kwamba nilifurahi. Nilikuwa nimesimama, na nilijua kwamba sitaweza kugeuka. Basi nilipoona inatosha, nililiachia tanga, nikalala kifudifudi juu ya ubao, nikapiga maji kwa mikono hadi nchi kavu.

“Umesimama,” mke wangu alisema.

“Nimesimama.”

“Basi.”

Kwa sharti lake, vyote vingeweza kubaki. Ubao mwembamba niliutoa mwenyewe. Mwalimu jirani yetu ameufanya rafu ya vitabu. Ule mpana umerudi juu ya matofali, na mihogo iko juu yake. Tumekubaliana kwamba wiki ya kwenda ziwani, yeye hataanika.

Mwisho wa mwezi nilikwenda Koboko kumchukua mama mkwe. Kabla ya kuondoka mjini nilisimamisha gari maegeshoni, nikamwomba mama mkwe anisubiri, nikashuka na tanga. Fundi alilitambua. Akauliza kama mshono umeachia. Madereva walikuwapo, wengine kabisa, nao wakageuka kama wale wa kwanza.

“Mshono uko sawa,” nilimwambia. “Mimi ndiye nilikudanganya. Hii ni ya kucheza ndani ya maji. Upepo unakaa kwa tumbo. Nirudishie tumbo.”

“Kucheza? Nani anacheza?”

“Mimi.”

Alinitazama kuanzia viatu hadi mvi. Kisha akatandaza tanga juu ya mkeka, akanipa chaki nimchoree, na nikachora mviringo mdogo kuliko ule wa zamani.