Nifungulie Wimbo Mmoja

Miaka arobaini na sita Mzee Solo alipiga gitaa la solo kwenye harusi, mahafali, sherehe za vyama vya kazi na za watu wanaostaafu, na katika muda huo wote jina alilopewa na baba yake lilisahaulika kabisa. Hata kwenye kadi ya kliniki ya presha muuguzi aliandika "Mzee Solo", na hakuna aliyeshangaa. Siku za kazi alikuwa fundi redio. Alikuwa na kibanda chenye benchi moja, na watu walipoacha kuleta redio akahamia kwenye feni na pasi, maana tumbo halina likizo. Lakini ukimuuliza kazi yake, pasi hakuzitaja. Alisema, "Mimi mwanamuziki," kisha anakukazia macho aone kama utacheka.

Bendi aliyokuwa akipigia uzeeni ilianzishwa na kaka yake. Kaka alipofariki ilibaki kwa mwanawe, mwimbaji wa miaka arobaini na kitu, mnene kiasi, mwenye adabu za kupita kiasi. Alimwita Mzee Solo "baba mdogo" mbele ya watu na hata nyuma ya watu. Mzee ndiye aliyemfundisha kushika gitaa, kabla wote wawili hawajagundua kwamba kijana alijaliwa koo, si vidole. Ukiwa mtu wa namna hiyo, humwambii baba yako mdogo kwamba muda wake umekwisha. Unatafuta njia nyingine, na njia aliyoitafuta ndiyo habari yenyewe.

Ilijulikana kwa ajali. Jumamosi moja alasiri, kwenye harusi ya binti wa daktari wa meno, Mzee Solo alikuwa katikati ya solo, macho kayafumba, shingo kailaza upande kama kawaida yake, uzi wa tatu ukakatika. Akasimamisha vidole. Solo ikaendelea.

Akafumbua macho, akatazama mkono wake, umetulia kwenye shingo ya gitaa. Nyuzi mbili zilikuwa bado zinatetemeka na ule uliokatika ulikuwa unaning'inia. Solo ilikuwa inatoka kwenye maspika makubwa, safi, na bibi harusi anazungusha mabega. Akageuka. Mpiga kinanda, ambaye siku za wiki hufundisha hesabu na kwa hiyo wote humwita Mwalimu, alikuwa ameinamia kinanda chake kama mtu anayesahihisha madaftari. Kinanda kilikuwa kimewekwa sauti ya gitaa. Na vipande alivyokuwa akivipiga, kimoja baada ya kingine, Mzee Solo alivijua, kwa sababu vilikuwa vyake.

Hapo akakumbuka. Miaka miwili nyuma Mwalimu alikuja kibandani na daftari. "Mzee, naomba unionyeshe vile vipande vyako. Visije vikapotea bure." Mzee alifurahi hadi akafunga kibanda siku mbili, akamwonyesha kidole kwa kidole, na soda akamnunulia. Kumbe alikuwa anamfundisha mrithi na yeye hata kuugua hajaugua.

Wakati wa mapumziko alienda kwenye meza ya mitambo, akijifanya anatafuta maji. Fundi mitambo, mwanamke wa miaka thelathini na tano hivi, asiyependa maneno mengi, alikuwa ameenda kuchukua chakula. Kwenye meza ile kila chombo kina kijiti chake cha kusukuma, ukipandisha sauti inapanda, ukishusha inazimika, na chini ya kila kijiti pamebandikwa plasta yenye maandishi. Besi. Ridhimu. Kinanda. Mwimbaji. Plasta ya mwisho iliandikwa "Mzee", na kijiti chake kilikuwa chini kabisa. Kwenye mfereji wa vijiti vingine plastiki ilikuwa inang'aa kwa kusuguliwa. Kwenye mfereji wake kulikuwa na vumbi.

Kilichobaki kikifanya kazi ni ile spika ndogo ya miguuni, ya kumsikilizisha yeye mwenyewe. Wamemwachia hiyo ili asijue.

Mwingine angeipindua ile meza. Mzee Solo alikunywa maji, akarudi jukwaani, akabadilisha uzi, akamaliza harusi, akawaaga watu wote kwa mkono. Aliumia vibaya sana. Usiku hakulala, na kilichomkereketa zaidi ni kumbukumbu ya mwimbaji mmoja mzee aliyeachishwa bendi miaka mingi nyuma, na yeye Solo alivyocheka siku hiyo mpaka machozi. Mkuki kwa nguruwe, kwa binadamu mchungu.

Sababu hakuitafuta mbali. Aliamua ni mvi. Vijana wa siku hizi wanataka kinanda kinachojua kuiga kila kitu, na jukwaa lisilo na babu. Jambo moja halikumpitia akilini hata kidogo, ingawa lilikuwa linapiga hodi kila siku nyumbani kwake. Mkewe akimwambia chai inamwagika jikoni, yeye hasikii, kisha anamlaumu: "Tangu ung'oe yale magego hutamki maneno, mama watoto." Simu ikilia mfukoni mwake ndani ya basi, abiria wa mbele ndiye anayegeuka. Mwimbaji alimletea kile kidude cha kubana kwenye kichwa cha gitaa, kinachowasha taa ya kijani uzi ukikaa sawa, Mzee akakirudisha. "Sikio langu lilikuwepo kabla ya betri," alisema, na bendi nzima ikainamisha vichwa. Alidhani wameona aibu kwa kukosa adabu.

Sasa, mkewe. Miaka minne nyuma aliteleza kwenye ngazi ya jikoni akavunjika nyonga, na tangu hapo hakukanyaga sherehe. Nyumbani gitaa halikuwepo, kwa sababu sheria ya bendi, aliyoiweka marehemu kaka baada ya tarumbeta kupotelea kwa shemeji, ni kwamba vyombo havilali kwa mtu. Kwa hiyo miaka minne mama huyu hakuwa amemsikia mumewe akipiga hata uzi mmoja. Wiki mbili baada ya ile harusi, akiwa anatembea na mkongojo vizuri kabisa, alisikia kwamba bendi itapiga kwenye kumuaga mwalimu mkuu, kwenye uwanja wa shule, mitaa miwili kutoka kwao.

"Nitakuja," alisema. "Na nataka wimbo wangu."

Wimbo wake ulikuwa ule bendi iliouita wa dirishani. Wakati wa usichana wake alikuwa anauza stempu posta, na Solo, aliyekuwa hana hata mtu mmoja wa kumwandikia barua, alinunua stempu kila siku ya kazi kwa miezi mitano. Mwisho akamtungia wimbo. Katikati yake mna solo ndefu, na ilikuwa ndefu kwa sababu alikuwa anaogopa kumaliza na kumsikia binti anasema nini.

Mzee Solo alimtazama mkewe akichagua gauni siku nne kabla, na moyo ukamwuma. Mama huyu atakaa kwenye kiti amtazame mumewe akichezesha vidole, na atakachosikia ni kinanda cha mwalimu wa hesabu. Hilo hakulikubali. Siku ya mazoezi alimvizia fundi mitambo nyuma ya stoo ya vyombo, akiwa anakunja nyaya.

"Mwanangu."

"Naam, mzee."

"Jumamosi nifungulie wimbo mmoja."

Yule mwanamke aliendelea kuzungusha waya kwenye kiwiko. "Umejua lini?"

"Siku uzi ulipokatika."

"Mimi naagizwa tu, mzee wangu."

"Sikuja kukulaumu. Mke wangu anakuja. Wimbo mmoja, ule wa dirishani, ukiisha unirudishe kaburini."

"Kwa nini walikufunga, umewahi kuuliza?"

"Niulize nini? Mnaona haya kusimama na mvi."

Fundi aliacha kukunja. Akauweka waya chini. "Mzee, nikifungua nimefungua. Watu wote watasikia. Usije ukasema hukuambiwa."

"Ndicho ninachotaka, wasikie!"

"Basi. Nitafungua."

Siku tatu alijifungia stoo na lile gitaa. Alipiga ule wimbo mara hamsini, mara sitini, mpaka ncha za vidole zikavimba, na kila mara masikioni mwake ulitoka sawa. Ng'ombe hazeeki maini, alijiambia, na akacheka peke yake kati ya ngoma na mabango ya zamani.

Jumamosi saa tisa na nusu uwanja wa shule ulikuwa umejaa. Mkewe alikaa mstari wa mbele pamoja na binti yao mkubwa, mkongojo kaulaza mapajani, gauni la bluu. Mwimbaji alimwona, akashuka kumwamkia, "Shikamoo, mama mdogo," akaubusu mkono wake. Nyimbo nne zikapita. Wa tano, mwimbaji akatangaza wimbo wa dirishani, akauelekeza kwa mama, watu wakapiga makofi. Mzee Solo akamtazama fundi mitambo. Fundi akasukuma kijiti juu.

Alianza. Mwanzo wa wimbo ule ni gitaa tupu, vipande viwili kabla ngoma haijaingia. Mwalimu, aliposikia gitaa lenyewe kwenye maspika, aliinua mikono kutoka kwenye kinanda. Mzee alipiga kwa nguvu, kifua mbele, akamtazama mkewe.

Mkewe alikuwa anatabasamu, kisha tabasamu likabaki mdomoni bila macho. Mzee akafikiri jua linampiga. Ngoma zikaingia. Mpiga ridhimu, ambaye kwa kawaida hata nyumba ikiungua hageuki, aligeuka. Besi ikayumba, ikamtafuta, ikamwacha. Watu waliokuwa wameshaanza kucheza walipunguza, wakawa wanatazamana, na mwalimu mkuu mwenyewe, aliyekuwa ameshikana mikono na mkewe katikati ya uwanja, alisimama akacheka kidogo akidhani ni mzaha wa kumuaga. Mtoto mmoja akaziba masikio.

Masikioni mwa Mzee Solo hakukuwa na kosa lolote. Hilo ndilo lililomtisha. Alitazama miguu ya wachezaji, akatazama mkono wake, na akaona kwa macho kile masikio yalichokataa kumwambia: miguu ilishuka, kisha mkono wake ndio ukashuka. Kila pigo, alikuwa nyuma. Na kwa sura zile za watu, hata nyuzi zake hazikuwa zimekazwa sawa. Mkewe alikuwa ameinamisha kichwa, anakunjua na kukunja pindo la gauni. Binti yao alikuwa amemshika bega.

Kwa hiyo haikuwa mvi. Walikuwa wanamsitiri. Mwaka mzima, pengine zaidi, wanamme wazima na mwanamke mmoja walibeba siri yake kila Jumamosi ili asijue alivyokwisha, na yeye akaja kuibomoa kwa mkono wake, mbele ya mtu pekee ambaye maoni yake yalimhusu.

Ubeti wa pili ulikuwa unaishia na solo ilikuwa mbele yake. Aliinua mkono wa kulia kama anayejifuta jasho, akamtazama fundi mitambo, akakishusha kiganja polepole mpaka kiunoni. Fundi akaelewa. Kijiti kikashuka. Mzee akamgeukia Mwalimu, akamkonyeza aingie.

Na solo ikatoka. Ilitoka kama ilivyotoka dirishani pale posta, ikapanda panapopandwa, ikasitasita pale yeye alipositasita ujanani kwa woga. Mwalimu alikuwa mwanafunzi mzuri. Uwanja ukarudi kucheza. Mzee Solo akachezesha vidole juu ya nyuzi, shingo kailaza upande, na akamwona mkewe anainua uso. Akamwona anafuta macho. Akamwona anasimama, bila mkongojo, anapiga makofi juu ya kichwa chake na kumwonyesha binti yao kwa kidole: yule, yule pale.

Njiani kurudi alikuwa na maneno tayari. Atamwambia amechoka, anawaachia vijana, atabaki na pasi zake. Walikuwa wanatembea polepole kwa sababu ya nyonga. Alikohoa, akaanza, "Mama watoto, nilikuwa nafikiri..."

"Ngoja kwanza niseme mimi," alisema mkewe kwa sauti ya juu, kama alivyozoea kumsemesha. "Mwanzoni ulinitisha. Nikasema, Mungu wangu, mume wangu amekwisha na mimi nimekaa nyumbani sijui. Nilitaka kulia. Lakini ulipofika kwenye solo nikakusikia. Ulikuwa wewe, baba. Wewe wa dirishani kabisa." Akasimama apumzike, akamshika mkono. "Miaka minne nimejifungia ndani kama kuku anayeatamia. Basi, yamekwisha. Jumamosi ijayo mnapiga wapi?"

Mzee Solo alitazama chini, akatazama mkono uliokuwa umeushika wake.

"Ukumbi wa walimu," alisema. "Saa nane."

Jumanne aliwahi kufika kwenye mazoezi kabla ya wengine. Alimkuta Mwalimu tu, anafuta kinanda kwa kitambaa. Mwalimu alipomwona akaanza kusema pole, akaomba radhi, akachanganya maneno. Mzee akamkatiza.

"Ile solo ya Jumamosi umeipiga vizuri."

"Mzee, mimi..."

"Jumamosi hii mke wangu anakuja tena. Ipige vilevile. Na usikosee, Mwalimu, maana yeye masikio yake bado mazima."

Kisha akachomeka waya wa gitaa lake, akainama, akaanza kukaza nyuzi.