Korongo Walioijua Jumapili

Wiki iliyopita nilishuka Tongaren kutoka Kitale kumwona shangazi yangu, nikakuta watafiti wa ndege wametandaza nyavu kando ya kijito chetu. Nyavu zenyewe nyembamba, bana, hata buibui angezionea wivu. Ndege akinaswa, dada mmoja mtafiti anamtoa polepole kama anayetoa mwiba kwenye mguu wa mtoto, anamtia kwenye mfuko mdogo wa kitambaa, anampima uzito, anachukua tone la damu, halafu anamwachilia. Nikamuuliza damu ya ndege ni ya kazi gani. Akasema inaonyesha magonjwa, na vilevile inaweza kuonyesha kama ndege amekula sumu. Kisha akaniuliza, kwa sauti ya kawaida tu, kama nilipokuwa mtoto korongo wenye taji waliwahi kuzaa hapa.

Rafiki yangu, nilicheka. Kuniuliza mimi kama niliwahi kuona korongo ni sawa na kumuuliza mtu wa Kitale kama amewahi kuona mahindi.

Kinamasi cha nyanya yangu, ambaye sisi tulimwita Kukhu, kilikuwa na korongo wengi kuliko wakristo. Asubuhi walilia mpaka vikombe vikatikisika kabatini. Walicheza, wakarukaruka, wakainamiana vichwa kama maharusi, na taji zao za dhahabu zikawaka jua lilipowapiga. Lakini mahindi yakianza kuchipuka, urafiki uliisha. Korongo alitembea kwenye mstari kama mkaguzi wa shule, anang'oa mche mmoja mmoja, anakula punje iliyo chini, anautupa mche. Kwa hiyo sisi watoto tuliamka na umande, tumebeba madebe, viazi vitamu vya kuchoma vikituchoma mfukoni. Mimi nilikuwa napiga debe mpaka Mlima Elgon unageuka kuangalia ni nani huyo. Kukhu alikuwa akisema, "Ndege hana panga wala jembe. Mfukuze, lakini usimlaani."

Taabu ilikuwa Jumapili. Korongo waliijua Jumapili kuliko katekista. Kengele ya kanisa ikilia, watu wakipanda kilima, wao wanashuka shambani. Ndiyo maana kila boma liliacha mtoto mmoja nyuma kulinda, na mtoto huyo alikosa chai ya kanisani na mandazi yake. Tulizozana juu ya zamu hiyo kama watu wanaogawana urithi.

Ng'ambo ya kinamasi alikaa jirani yetu, mama mcheshi aliyeongoza kwaya, mwenye watoto wengi na roho nyeupe. Jumamosi moja jioni alivuka kuja kwetu akicheka, akamwambia Kukhu asiache mtoto nyumbani kesho. Watoto wote waende kusali, alisema, yeye ameshapanga na hao korongo. Kukhu alidhani amesimamisha sanamu ya mtu shambani. Sisi tulishangilia. Usiku huo niliota mandazi.

Na kweli tulikula. Mimi nilikula mpaka mwalimu wa Jumapili akaniuliza kama nyumbani kuna njaa. Ibada ilipoisha, akina mama wakabaki kwa mkutano wao, jirani akiwa katikati, nasi tukatangulia na Kukhu, ambaye miguu ilimsumbua. Tulipofika ukingoni mwa kinamasi tukasimama. Hapakuwa na sauti. Sijawahi kusikia kimya kikubwa kama kile, si kanisani, si matangani.

Korongo walikuwa wamelala. Wengine kifudifudi, wengine shingo imekunjwa, taji limezama matopeni. Tetere, wale njiwa wadogo wa porini, walikuwa wametapakaa kama nguo zilizopeperushwa kutoka kambani. Korongo mmoja tu alikuwa amesimama juu ya mwenzake, anamgusa kwa mdomo, anarudi nyuma, anainamisha kichwa, anaruka kidogo kama anayemwalika kucheza.

Kukhu akainama akafungua mdomo wa korongo mmoja. Punje ya mahindi ikadondoka. Akainusa, na uso wake ukabadilika. Ilinuka ile dawa ya kuogeshea ng'ombe ili kuua kupe. Hapo ndipo alipoona manyoya yamefuatana njiani kuelekea kwa jirani, na moshi unapanda jikoni kwake. Watoto wa jirani, waliotoka kanisani mbele yetu, walikuwa wameokota tetere. Nani angewalaumu? Nyama imeanguka yenyewe, siku ya Bwana.

Kukhu, mwenye miguu ya kusumbua, alikimbia. Nasema alikimbia! Alikata kinamasi katikati na viatu vya kanisani, kimoja kikabaki matopeni mpaka leo. Tulipomfikia, watoto walikuwa wamekaa kuzunguka sufuria, ugali umeshapakuliwa, na mdogo wao ana paja la tetere mkononi, analipuliza lipoe. Kukhu alimpiga kofi mkononi, paja likaruka. Akalipiga teke sufuria, mchuzi ukazima moto. Watoto wakaangua kilio.

Jirani, aliyekuwa njiani akitoka mkutanoni, alikuja mbio akisikia vilio. Aliona moto umezimika, mchuzi sakafuni.

"Mama," akasema, "unamwagaje mboga ya watoto wangu?"

"Nimemwaga dawa yako," Kukhu akamjibu.

Yule mama alitazama manyoya pale mlangoni. Akawavuta watoto mmoja mmoja, akawafungua midomo, akawanusa, akawahesabu, akawanusa tena. Hakuna aliyekuwa amemeza. Kisha akaketi kwenye mchuzi na gauni lake la kwaya. "Nilitaka tu wasali," alisema. Kukhu akaketi hapo hapo karibu naye.

Yote haya nilimsimulia dada mtafiti. Hakuandika. Alisikiliza tu, halafu akasema wamezunguka kijito hiki chote na mto Kamukuywa pia, na hawajapata kiota cha korongo hata kimoja. Kinamasi sasa ni mikaratusi na shamba. Mimi, niliyesoma masomo ya jioni nikiwa na ndevu na nikadhani hakuna jibu la kunishtua tena, nilishtuka, nikashika njia ya kwa shangazi.

Nikapita kwenye mahindi ya shangazi. Yameota mstari mzima, mche kwa mche, hakuna pengo. Nikamuuliza mtoto wake ni nani analinda siku hizi. Akanitazama kama mtu aliyepotea njia.

"Analinda nini, anko?"

Nilitaka kumweleza. Nikafungua mdomo nimwigie mlio wa korongo, mimi niliyeamshwa nao kila siku ya utoto wangu, na sauti haikuja.