Mdahalo wa Mama Shii

Shuleni walimwita Mama Shii, kwa sababu ya sauti aliyoitoa kidole kikiwa mdomoni, na jina likamganda kuliko alilopewa na wazazi wake. Alikuwa mkutubi. Asubuhi aliwanyamazisha watoto, na vipindi vikiisha aliwafundisha kupiga kelele kwa mpango: mara chama cha wasomaji, mara sataranji, na kila Ijumaa mdahalo. Mdahalo ndio uliokuwa roho yake.

Sheria zake hazikupindwa. Mada haikataliwi. Upande hauchaguliwi, unatolewa kwa kikaratasi ndani ya kopo la chaki. Hoja isiyo na ushahidi ni kelele. Na ukimaliza, unamwuliza mkutubi ulipokosea. "Ukisimama pale usimwonee mtu haya," aliwaambia. "Haya zenu ziacheni nyumbani."

Aliyezishika sheria hizo barabara alikuwa binti wa mpishi wa shule, aliyekuwa akimsubiri mama yake maktabani kila jioni. Mama Shii alimpenda kama wa kumzaa. Binti huyo peke yake ndiye aliyejua kwamba macho ya mkutubi yalikuwa yanakwisha. Vitabu vya kemia vikiwekwa kwenye rafu ya dini, alivirudisha kimyakimya.

Ijumaa moja mkuu wa shule akaja na mada yake mwenyewe: maktaba hii inahitaji mkutubi. Wote walijua anakitamani chumba kile kwa ajili ya kompyuta. Mama Shii angeweza kuikataa mada. Lakini sheria ilikuwa yake, na watoto walikuwa wake, basi akacheka na kulitikisa kopo. Kiburi kilimponza, tuseme ukweli.

Binti wa mpishi akatoa kikaratasi: kupinga. Akamtazama Mama Shii.

"Anza," Mama Shii akasema, akagonga kengele.

Akaanza kwa kusitasita, kisha mafunzo yakamwingia mwilini. Mtoto umleavyo ndivyo akuavyo, na huyu alilelewa kushinda.

"Mkutubi wetu haoni," akasema. "Vitabu navipanga mimi. Ushahidi huu hapa." Akachomoa kitabu kwenye rafu, akamwekea mkononi. "Tafadhali, tusomee jina lake."

Mama Shii alikisogeza kitabu mpaka puani, akakirudisha nyuma, mwishowe akakisia. Alikisia vibaya. Maktaba nzima ikaangua kicheko, na safari hii hakuna aliyesema shii.

Mikono ikanyooshwa, kupinga kukashinda. Mkuu wa shule akampa binti mkono, akasema yeye huwasikiliza wanafunzi wake siku zote, akatoka bila kumtazama mkutubi.

Binti akabaki akipanga viti, uso ungali unang'aa.

"Mwalimu, nimekosea wapi?"

Mama Shii alilitafuta kosa. Alilitafuta kwa uchungu wake wote, hata dogo tu la kumchoma nalo, asilipate.

"Hukukosea popote, mwanangu," akasema. "Hebu nitafutie mkoba wangu, niliuweka mahali fulani hapa."

Binti akauchukua mezani, mbele yake, akampa.