Kabati la vis za kutu: aliponiambia "vunja tu", nikaanza kumushuku

Wakuu, heshima kwenu. Haya yalinipata mwenyewe hapa Kashikishi, mji wa wavuvi kando ya ziwa, siongezi chumvi.

Mimi ni fundi wa mbao, mukimbizi kutoka upande wa Congo. Ninafufua fanicha za zamani.

Bon. Asubuhi mutu mmoja, tumuite Ba Mwansa, akaleta kabati zito. Eti la marehemu kaka yake, ufunguo umepotea, nitoe milango halafu nilitengeneze upya.

Bawaba ziko kwa nje, vis zake, yaani skrubu, zimeliwa na kutu. Hewa ya ziwa haionei chuma huruma. Turunevis, bisibisi yangu, ikateleza.

"Vunja tu, fundi."

Nikashtuka. Mutu anayetaka kabati lipone anasema vunja?

Nikamwambia vis zilizoshikana hazitaki nguvu. Unapasha kichwa kwa chuma cha moto, unagusisha mushumaa, nta inayeyuka na kuingia kwenye uzi (uzi wa vis, si huu wetu). Halafu unakaza kidogo kwanza, ndipo unalegeza.

Akaenda zake bandarini akinung'unika.

Ya kwanza ikalegea. Ya pili pia. Nilipoinama zaidi nikaona tundu la ufunguo. Linang'aa! Lina mafuta mapya!

Bawaba zimeoza, lakini kufuli inafunguliwa kila siku. Sasa ufunguo gani umepotea?

Nikaacha kazi, nikamuita jirani yangu hapa sokoni, Mama Chola, muuza samaki. Akashika kichwa.

"Hii ni ya mujane wa kaka yake! Mwenyewe iko Kabuta, alienda kununua samaki."

Akamupigia mujane simu.

Ba Mwansa ndiye alitangulia kurudi. Nikamwambia vis bado zimeshika. Akamuona Mama Chola kando ya kabati, akanitazama vibaya.

"Wewe mukimbizi, mambo ya jamaa yetu yanakuhusu nini?"

Wakuu, niliogopa. Hapa sina ndugu.

Mara mujane akashuka kwenye baiskeli, ufunguo shingoni. Hakusalimia mutu. Akafungua.

Ndani mulikuwa na nyavu mpya za marehemu, zimekunjwa vizuri.

"Mutumbwi ulishachukua, shemeji," akasema. "Na hizi za mutoto wake unazitaka?"

Soko zima lilikuwa linatazama. Ba Mwansa akaondoka.

Tangu siku ile, kitu kikija kimefungwa, ninauliza mwenye kitu ni nani kabla sijawasha moto. Ba Mwansa bado anapita mbele ya karakana yangu kila asubuhi. Hasalimii. Anapunguza tu mwendo.

Mafundi wenzangu, mungekuwa ninyi mungenyamaza? Semeni bila kunificha.