Chui wa Baba Hakuwa na Kidonda

Baba yangu alikuwa na mdomo mkubwa kuliko nyumba yake, na kijiji chetu chote, huku upande wa Muleba, kilikuwa kimemchoka. Siku aliyomuua chui ndani ya nyumba yetu ya msonge, pale tulipofunga mbuzi, nilijua tumekwisha. Hatungelala tena bila kusikia habari za chui.

Ni kweli alimuua. Hilo nalisema kabisa, kabla sijamcheka. Chui aliingia alfajiri, akamrukia baba begani, akamwangusha. Mama, aliyekuwa anachochea moto, alimshika yule mnyama mkia akamvuta kwa nguvu zake zote huku akimtukana matusi ambayo sikujua kwamba anayajua. Chui alipogeuka kumtazama, baba akapata mkuki wake. Akamchoma ubavuni, akamchoma tena shingoni. Majirani waliokuja kutazama mzoga walitia vidole kwenye matundu yale, nami nikatia changu, kikaingia chote.

Kwa desturi yetu ngozi ya chui ni ya Mukama, mtawala wetu. Aliyemuua anaipeleka mwenyewe, anasimama mbele ya watu na mkuki mkononi, anajisifu jinsi alivyopigana, na Mukama hamsahau. Wakati ule mkungu wetu, yaani mkuu wa kijiji, alikuwa amefariki, na Mukama alikuwa bado hajamteua mwingine. Baba alikitaka cheo kile kuliko alivyotutaka sisi.

Lakini ngozi tupu aliiona haitoshi. Aliwahi kupeleka kahawa Bukoba, akachungulia kwenye baraza ya Mwingereza mmoja, akaona simba aliyejazwa amesimama kama mzima. Basi akaomba ruhusa, akaahidi kwamba yeye atamletea Mukama chui anayesimama. Ngozi ikapakiwa melini, ikavuka ziwa kwenda kwa fundi wa Kampala, na kahawa yetu ya msimu ule ikaishia hukohuko.

Miezi yote ya kungoja, baba alijisifu kila penye rubisi, pombe yetu ya ndizi. Majirani aliwaita wanawake, watu wa kujificha chini ya kitanda, nao waliinamia vibuyu vyao wakanywa. Na kila alipoisimulia hadithi ile, mama alizidi kupungua humo hadithini. Kwanza alikuwa amepiga kelele tu. Kisha alikuwa amekimbilia migombani. Mwishowe hakuwepo kabisa. Mama alikuwa akimenya ndizi hapohapo, anasikiliza.

Sanduku lilipofika limepigiliwa misumari, mama alisema, "Baba watoto, tulifungue kwanza tumwone."

"Ili majirani wamwone kabla ya Mukama?" baba akamjibu. "Wewe menya ndizi zako."

Kwa hiyo tukalipeleka hivyohivyo, wanaume wawili wakilibeba, mama na mimi tukifuata na vibuyu vya pombe ya zawadi. Uwanja wa Mukama ulijaa. Baba akasimama mbele yake na mkuki, akaanza kujisifu kwa sauti ambayo hata mimi ilinisisimua.

"Waitu Mukama! Ni mimi niliyemkabili chui peke yangu! Bila mbwa, bila mtu, peke yangu!"

Kisha akaamuru sanduku livunjwe.

Sijui kama yule fundi aliwahi kumwona chui. Huyu alikuwa na shingo ndefu kama mbuzi na tumbo la paka mwenye mimba. Jicho moja la kioo lilimtazama Mukama, la pili likatazama jikoni. Midomo alikuwa ameifunga, akitabasamu kama bibi harusi. Mukama ndiye aliyeanza kucheka, na baada ya hapo kila mtu alikuwa na ruhusa.

Katika kicheko kile akajitokeza jirani yetu mmoja, ambaye naye alikuwa anakitaka cheo cha mkungu. Akamzunguka chui, akampapasa pole pole, shingo na mbavu.

"Waitu, sioni kidonda," akasema. "Huyu ameokotwa mtegoni, ameshaoza."

Baba akapiga magoti, akaanza kupekua manyoya. Hakuna kitu. Fundi aliyeshindwa kutengeneza uso alikuwa ameziba matundu ya mkuki kwa ustadi wa ajabu, unywele kwa unywele. Baba akavua kanzu, akaonyesha makovu begani.

Mukama akayatazama kwa makini. "Naona chui alikupiga," akasema. "Wewe ulimpiga wapi?"

Watu walilia kwa kucheka. Mukama akauliza kama yupo aliyeona vidonda. Majirani wote waliotia vidole walikuwepo, na kila mmoja akatazama miguu yake. Ndipo baba akageuka kumtafuta mama. Sikuwahi kumwona akimtazama hivyo, kama mtu anayeomba maji.

Mama akapiga magoti vizuri, akainamisha kichwa, akazungumza kwa adabu zote za mwanamke mbele ya Mukama.

"Waitu, mume wangu amesema alikuwa peke yake. Mimi ningemwona chui nikiwa wapi?"

Nilifurahi. Nasema wazi, nilifurahi mpaka nikahisi njaa.

Cheo cha mkungu alipewa yule jirani palepale, na baba akaambiwa aondoe paka wake uwanjani. Wabebaji walikuwa wamekwenda kunywa pombe tuliyoileta sisi, kwa hiyo alimbeba mwenyewe, kwa mikono miwili, mkia ukimpiga usoni kila hatua. Mama alitangulia mbele yake njiani, jambo ambalo mke hafanyi kwetu. Baba hakumwambia arudi nyuma.