Siku Baba Mkwe Aliponisindikiza Kupimwa Moyo

Mwaka 1973 nilikufa mara nyingi kuliko mtu yeyote kijijini kwetu Masama, na kila mara nilifufuka kabla ya chakula cha mchana.

Msicheke, wajukuu zangu wa mtandaoni. Haya yalinipata mimi, Nikodemo.

Jirani yangu Filemon, rika langu kabisa, alianguka shambani kwake kwenye kahawa, hakuamka tena. Watu wakasema ni moyo.

Tulipomaliza kumzika, moyo wangu nao ukaanza vituko.

Nimekaa zangu barazani, sina hili wala lile, ghafla unaanza kwenda mbio. Vidole vinakufa ganzi. Pumzi haitoshi. Jasho chapachapa.

"Flavia! Mnizike na suti ya harusi!"

Mke wangu anakuja na maji. Baada ya muda kidogo nauliza kama mtori wa ndizi umeiva.

"Marehemu atapenda na nyama?" ananiuliza.

Aliyenichoka kabisa ni baba yake, Mzee Kastori. Mwanaume wa shoka yule! Kwenye pombe ya mbege alikuwa anawaambia wenzake, "Binti yangu nimemwoza kwa mwoga kama kuku."

Siku moja akaja na bakora yake.

"Vaa viatu. Nakupeleka Moshi mwenyewe. Daktari akuambie mbele yangu kwamba huna kitu."

Hospitalini tulimkuta Daktari Jasoda, mama wa Kihindi, mpole, Kiswahili kimenyooka.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba. Mgonjwa ni huyu."

Akagoma kubaki nje. Akavuta kiti, akakaa kama hakimu.

"Inakuja lini?" daktari akaniuliza.

"Nikiwa nimetulia. Hasa nikimkumbuka Filemon."

"Na ukilima?"

"Nikilima nasahau kabisa."

"Ukipanda mlima na mzigo?"

"Hapo niko salama, daktari."

Akanisikiliza kifua, akapima presha, akanilaza kwenye mashine yenye nyaya. Mimi macho juu, nasubiri hukumu.

"Moyo wako mzima. Hii ni hofu. Ila umefanya vizuri kuja. Kwa maelezo tu mtu hawezi kuwa na uhakika."

Baba mkwe akagonga bakora sakafuni.

"Si nilisema? Daktari, hawa vijana ni kudeka tu! Mimi mwaka huu, kila nikipanda kutoka mtoni, kifua kinabana kama nimekaliwa na ng'ombe. Maumivu yanapanda mpaka tayani, mkono huu wa kushoto unakuwa mzito. Nasimama kidogo, inaisha, naendelea na safari. Kuna mtu amenisikia nalia?"

Daktari akaweka kalamu chini.

"Mzee, vua shati."

"Nani? Mimi msindikizaji!"

"Vua shati, mzee."

Aisee. Nyaya zilizotoka kwangu zikahamia kwake. Daktari alitazama ile karatasi ya mashine, akaitazama tena.

"Moyo wake haupati damu ya kutosha," akaniambia pembeni. "Leo harudi kupanda mlima wowote."

Akalazwa palepale. Mgonjwa nikaambiwa nirudi nyumbani, msindikizaji akavalishwa shati la wodini.

Nilipokwenda kumuaga nilikuta amelala anatazama dari. Akanishika mkono. Alikuwa hajawahi kunishika mkono tangu nimwoe binti yake.

"Mkwe."

"Naam, baba."

"Wewe ukiogopa... huwa unafanyaje?"

Wallahi sikucheka. Nikamwonyesha alivyonifundisha daktari: vuta pumzi taratibu kwa pua, ishushe taratibu zaidi. Tukapumua hivyo, mimi na yule mwanaume wa shoka, mpaka usingizi ukamchukua.

Alirudi Masama na vidonge, akaacha sigara, akaishi kuwabeba watoto wangu wote. Hofu yangu nayo ilipungua polepole, nikaacha kuagiza mazishi.

Nilichojifunza: hofu ina kelele, moyo mgonjwa unaweza kunong'ona tu. Usijipime mwenyewe barazani. Kifua kikibana, nenda ukapimwe, na kama hakiachii, kimbilia hospitali. Wakikuambia ni hofu, usione haya.

Na anayekusindikiza, mwombe naye avue shati.