Kipandio cha Tisa

Shangazi yangu alisugua ngazi za kasri miaka kumi na miwili, kwa magoti, brashi na sabuni ya kipande. Ukitaka kumchokoza, mwambie kasri lile lilikuwa la wafalme. Atakujibu kwamba wafalme walikuwa wapita njia tu.

Vita vililigeuza kifusi. Miaka arobaini baadaye mhandisi mmoja, kijana mwenye picha na vipimo tele, alianza kulijenga upya, akatuita tuone ngazi za mbao alizoziweka kwa majaribio kabla ya kupanga mawe. Shangazi alipanda vizuri, lakini kwenye kipandio cha tisa alikanyaga kwa kishindo, nusura aanguke. Akashuka amekunja uso. Cha zamani, alisema, kilizidi vingine kimo kwa vidole viwili. Fundi alikosea na hakuna aliyethubutu kumwambia mfalme.

Mhandisi alimsikiliza kwa adabu ile ya kusubiri mzee amalize. Picha hazikuonyesha kitu kama hicho, akasema, na umri una mambo yake.

Mimi nilijua kilichokuwa kinamuuma. Pale ndipo mpishi mgeni alipojikwaa siku yake ya kwanza, akamwaga sinia zima la chai kwenye ngazi zilizotoka kusuguliwa. Alipiga magoti kumsaidia kupangusa, akiomba radhi mpaka Shangazi akacheka. Wakaoana. Vita vilimchukua, hakuacha picha wala kaburi. Kama si kipandio kile, Shangazi asingekuwa na mahali pa kwenda kumkumbuka.

"Mwanangu," alimwambia mhandisi, "picha zako zilipigwa na wageni. Mimi nilipasugua."

Kijana akafikiri kidogo, akamwomba apande tena huku akimsimulia habari za jikoni. Shangazi akapanda, mdomo hauna breki. Kufika cha tisa, mguu ukanyanyuka juu kupita kiasi, wenyewe, ukatua kwa kishindo kilekile. Mhandisi akatoa penseli na kufuta kipimo kwenye karatasi yake.

Ngazi za mawe zilipokamilika, wa kwanza kujikwaa alikuwa yeye mwenyewe, mbele ya wageni wote. Shangazi alimshika mkono.

"Pole, mwanangu. Hata mume wangu alianza hivi hivi."

Shangazi alicheka mpaka machozi yakamtoka. Kicheko kikaisha, machozi yakaendelea, nami nikampa leso yangu.